Ulimi wa dhahabu juu ya mwanya wa mikromita 2: kabla hujatuma faili la maski kiwandani

Swali la msomaji: Mhandisi, salamu. Nasoma shahada ya uzamili na nimesanifu swichi ya MEMS (mashine ndogo sana zinazojengwa juu ya chipu) ya mawimbi ya redio. Ni ulimi wa dhahabu ulioshikiliwa upande mmoja, urefu mikromita 150, upana 80, unene 4, ukielea mikromita 2 juu ya elektrodi ya 80 kwa 80. Chini ya ncha kuna vinundu vya mguso vyenye kimo cha mikromita 0.7. Simulesheni inasema ulimi utanasa, yaani utavutwa chini ghafla na umeme, kwa volti 35. Tumepata nafasi kwenye wefa (kisahani cha silikoni kinachojengewa chipu) tunayochangia na vikundi vingine, na kiwanda kinataka faili la maski, vile vioo vyenye michoro ya kromi vya kuhamishia usanifu kwenye wefa, baada ya wiki tatu. Nikague nini kabla ya kutuma? Na je, nipunguze mwanya ili volti ishuke hadi 20, maana chanzo changu cha umeme ni kidogo?

Jibu: Ndugu yangu, salamu nimezipokea. Naanza na swali lako la pili, kwa sababu likishajibiwa, lile la kwanza litakuwa jepesi zaidi. Usipunguze mwanya. Kama ni lazima kugusa kitu, ongeza unene wa ulimi, hata kama volti itapanda. Chanzo cha umeme badilisha tu: swichi ya namna hii haili mkondo wowote wa maana, kwa hiyo saketi ndogo ya kupandisha volti kutoka 5 hadi 90 unaiunga mezani kwako. Wefa ikiharibika umepoteza miezi.

Tuiache kompyuta kidogo, tupige hesabu kwa kalamu. Ukakamavu wa ulimi unaovutwa nchani ni k = Ewt³ / 4L³, ambapo E ni moduli ya metali (kipimo cha ugumu wake), w upana, t unene na L urefu. Weka gigapaskali 78 za dhahabu na vipimo vyako, unapata karibu newtoni 30 kwa kila mita. Volti ya kunasa unaipata kwa V² = 8kg³ / 27ε₀A, ambapo g ni mwanya, A eneo la elektrodi na ε₀ ile namba thabiti ya umeme katika ombwe, na jibu ni 35, sawasawa na simulesheni yako. Hesabu hii ina ukorofi wake, kwa sababu nguvu ya umeme haivuti ncha peke yake, inavuta eneo zima la elektrodi. Lakini inatosha kuonyesha upepo unavuma upande gani.

Sasa tazama nguvu ya kurudi. Ulimi ukishuka hadi vinundu viguse, umesafiri mikromita 1.3, yaani 2 ukitoa 0.7. Zidisha na ukakamavu, unapata mikronewtoni 38 hivi. Ukizima umeme, hiyo ndiyo nguvu pekee inayoung'oa ulimi. Na dhahabu ni metali laini. Dhahabu safi ikibanwa juu ya dhahabu safi hushikana, tena kwa makumi ya mikronewtoni, na mguso ukishapondwapondwa kwa kufungwa mara nyingi nguvu hiyo inaweza kupita 100. Hivyo swichi yako, kama ilivyo leo, itafunga vizuri sana. Mashaka yako kwenye kufunguka. Ukitaka volti 20 kwa kubana mwanya, lazima ushuke hadi mikromita 1.37. Safari ya ulimi itabaki 0.67 na nguvu ya kurudi itakuwa mikronewtoni 20. Kitu ambacho tayari kilikuwa hakitoshi umekikata nusu.

Hilo si tatizo lako peke yako. Kurt Petersen wa IBM alichapisha maelezo ya swichi zake za utando juu ya silikoni mwaka 1979, na bado ilichukua miongo kabla swichi za namna hii hazijaanza kuuzwa kama bidhaa ya kuaminika. Kuzifanya zifunge kulikuwa rahisi. Kuzifanya zifunguke mara ya milioni mia, mguso ukiwa bado safi, ndiko kulikowatoa watu jasho.

Upeleke ulimi kwenye unene wa mikromita 5. Ukakamavu unapanda hadi karibu 58, nguvu ya kurudi inakuwa mikronewtoni 75, na volti ya kunasa inafika 49. Ukiendesha kwa volti 65, elektrodi itavuta kwa mikronewtoni 240 hivi ulimi ukiwa chini, ukitoa zile 75 za springi mguso unabanwa kwa takriban 165. Kwa dhahabu hiyo ni nguvu ya kutosha ukinzani wa mguso utulie badala ya kuyumbayumba. Mbona nisikwambie uende mikromita 6 au 7? Kwa sababu unene zaidi hudai volti zaidi, na ulimi ukiwa umefunga, mwanya juu ya elektrodi umebaki ule wa kinundu tu, 0.7. Volti 65 kwenye mwanya huo ni zaidi ya volti 90 kwa mikromita moja, na hapo tayari naanza kutembea kwa tahadhari. Katika mianya midogo hivyo elektroni huanza kuchomoka kwenye vijichongo vya metali bila kusubiri hewa ipasuke kwa cheche, na ukishaona mkondo unavuja kwenye elektrodi, swichi hiyo haina muda mrefu.

Sasa tuje kwenye ukaguzi wenyewe.

Kitu cha kwanza cha kuomba kiwandani ni karatasi ya mchakato, ile inayotaja kila tabaka, unene wake, na mipaka ya kupungua na kuzidi. Usikubali kupewa unene mmoja mmoja tu. Angalia zile hesabu hapo juu: unene wa ulimi umepandishwa kwa kipeo cha tatu ndani ya k, na mwanya nao umepandishwa kwa kipeo cha tatu. Kila kimoja kikizidi kwa asilimia 10, volti ya kunasa inazidi kwa asilimia 33, na 49 yako inakuwa 65. Yaani ile volti ya kuendeshea niliyokupa aya moja iliyopita imeishia mlangoni. Vikipungua vyote kwa asilimia 10, unanasa kwa volti 36. Wefa moja, ulimi uleule kwenye mchoro, na matokeo ni kati ya 36 na 65. Dhahabu ya kuchovya kwa umeme inaweza kabisa kutofautiana kiasi hicho kati ya katikati ya wefa na ukingoni. Ndiyo maana nimekwambia chanzo chako kifike 90, nacho kiwe cha kuzungusha taratibu.

Uchovyaji huo una tabia nyingine ambayo mchoro haukuonyeshi. Mkondo hukimbilia mahali penye metali chache, kwa hiyo ulimi uliosimama peke yake kwenye uwanja mtupu hunenepa kuliko wenzake waliobanana. Kama una ndimi 15 kwenye chipu na 3 kati yao ziko pembeni, hizo 3 zitakudanganya wakati wa kupima. Zungushia ndimi zako vipande bandia vya dhahabu, visivyo na kazi yoyote ila kusawazisha mkondo. Muulize mhandisi wa kiwanda anapenda metali ifunike asilimia ngapi ya eneo. Swali hilo huwafurahisha, kwa sababu wateja wengi hawaliulizi.

Kisha mwanya. Umeandika mikromita 2, lakini 2 kutoka wapi hadi wapi? Mwanya huzaliwa na tabaka la kafara: tabaka linalowekwa ili ulimi ujengwe juu yake, halafu linaondolewa. Kama kiwanda kinatumia polimaidi (aina ya plastiki) au fotoresisti (dawa inayobadilika ikipigwa mwanga) inayomwagwa na kuzungushwa, umajimaji huo hujisawazisha kama uji kwenye sahani. Penye elektrodi yenye unene wa mikromita 0.5, tabaka huwa jembamba kuliko penye wefa tupu. Fundi atapima 2 kwenye sehemu tupu na kukuandikia 2, wakati juu ya elektrodi, pale ambapo volti yako inaamuliwa, kuna 1.7 au 1.6. Kama tabaka la kafara ni oksidi ya silikoni inayojengwa kwa gesi, hilo halijisawazishi. Linafuata kila kilima na bonde, na ulimi wako utatoka na ngazi kila ulipovuka ukingo wa waya uliopo chini. Ngazi hizo hubadilisha ukakamavu na hukusanya mkazo. Kwa hiyo uliza tabaka la kafara ni nini, linapimwa wapi, na kinundu kinachimbwa ndani yake kwa kutumia muda tu au kuna kitu cha kuusimamisha uchimbaji. Kama ni muda tu, chukulia kwamba ile 0.7 inaweza kuwa 0.55 au 0.85.

Hapa nakuomba ufanye kazi ya mtoto wa shule. Chukua karatasi na penseli za rangi, chora ulimi wako ukiwa umekatwa kwa urefu, kutoka nanga (mguu unaoushikilia kwenye wefa) hadi ncha. Chora hatua moja baada ya nyingine: wefa, elektrodi, tabaka la kafara, tundu la kinundu, tundu la nanga, tabaka jembamba la kuanzishia uchovyaji, dhahabu, kisha ondoa kilichopaswa kuondoka. Usitumie programu, kwa sababu programu hukuchorea ulichokusudia. Mkono wako utagoma mahali ambapo hujui. Mimi nimegundua makosa mengi ya wanafunzi kwa kuangalia mahali walipoinua penseli kuliko kwa kusoma mafaili yao.

Na utakapofika kwenye nanga, utakutana na swali la kinachoishikiza. Dhahabu haishiki moja kwa moja juu ya oksidi, kwa hiyo chini yake huwekwa utando mwembamba wa titani au kromi. Kama tabaka la kafara linaondolewa kwa asidi ya hidrofloriki na utando wako ni titani, asidi itaila titani pamoja na oksidi. Utaona kwenye darubini ndimi zimeelea vizuri, halafu ukizipuliza zinaondoka zote na nanga zake. Kromi huivumilia asidi hiyo, ila ikipashwa joto hupenya ndani ya dhahabu na kupandisha ukinzani. Kwa hiyo isifike kwenye uso wa mguso. Kama kafara ni polimaidi inayochomwa kwa plazma ya oksijeni, tatizo la titani halipo, lakini joto la hatua zinazofuata lazima liwe dogo, la sivyo polima inaiva hadi inagoma kutoka. Chaguo hili si lako, ni la kiwanda, lakini matokeo yake ni yako. Uliza.

Asidi pia hula chini ya kingo. Kama nanga yako inakaa juu ya oksidi, urefu halisi wa ulimi ni ule wa mchoro ukijumlisha sehemu iliyoliwa. Kwa urefu wa 150, mikromita 3 zilizoliwa hupunguza volti kwa asilimia 3 tu, si jambo la kukukosesha usingizi. Kwa ulimi wa mikromita 40 ingekuwa hadithi nyingine.

Sasa jambo linalonikosesha usingizi mimi. Metali yoyote iliyojengwa tabaka juu ya tabaka hubaki na mkazo ndani yake, na mkazo wa chini haulingani na wa juu. Ukiondoa kafara, ulimi unajikunja kama kipande cha gome kinachokauka juani. Ncha huinuka kwa kiasi cha ΓL² / 2E, ambapo Γ ni tofauti ya mkazo kwa kila mikromita ya unene. Tofauti ya megapaskali 2 kwa mikromita inainua ncha yako kwa mikromita 0.29, unaweza kuishi nayo. Tofauti ya megapaskali 10 inainua mikromita 1.44, na mwanya wako wa 2 umekuwa karibu 3.5 pale nchani. Volti 49 zimekwenda na maji. Ncha ikijikunja kwenda chini ni balaa zaidi, swichi inazaliwa imefunga.

Kwenye darubini ya kawaida utalijua hili bila kifaa chochote cha ghali. Lenga nanga mpaka ionekane vizuri, kisha sogea taratibu kuelekea nchani bila kugusa skrubu. Picha ikififia, ncha haiko kwenye kimo cha nanga. Zungusha skrubu hadi ncha ing'ae na usome namba: hiyo ndiyo kujikunja kwako, pungufu au zaidi kwa nusu mikromita. Kipima-uso cha mwanga kitakupa namba safi baadaye.

Huwezi kuondoa mkazo kwa mchoro, lakini unaweza kujua uko wapi. Iulize karatasi ya mchakato kama Γ imepimwa. Kama haijapimwa, na mara nyingi haijapimwa, weka kwenye chipu yako safu ya ndimi tupu zisizo na elektrodi, urefu kuanzia mikromita 50 hadi 400, kila moja ikizidi iliyotangulia kwa 25. Zinachukua eneo dogo tu. Kwa sababu kujikunja kunakwenda na urefu kwa kipeo cha pili, ulimi wa 400 utakuonyesha hata mkazo mdogo ambao ulimi wa 150 unauficha. Weka pia pete za Guckel kama nafasi ipo, hizo hukuambia mkazo wa kuvuta wa tabaka zima. Na moduli ya 78 uliyoweka kwenye simulesheni ni ya dhahabu ya kitabuni. Utando uliochovywa kwa umeme unaweza kuwa chini ya hapo. Ndimi hizohizo ukizitikisa na kupima marudio yake, zitakupa moduli yako halisi.

Kuondoa kafara nako kuna hesabu yake. Elektrodi yako ni 80 kwa 80, hivyo bila matundu asidi au plazma lazima itambae mikromita 40 kutoka kila upande, na wakati huo wote inakula vitu vingine usivyotaka viliwe. Toboa ulimi matundu ya mikromita 8, nafasi ya 24 kutoka kitovu hadi kitovu. Umbali mrefu kabisa unabaki mikromita 13 hivi, na eneo unalopoteza ni kama asilimia 9, ambalo sehemu yake hurudishwa na nguvu za umeme zinazopinda kwenye kingo za matundu. Matundu hayo pia huiacha hewa itoke ulimi unaposhuka, swichi inakuwa nyepesi zaidi. Usitoboe karibu na nanga, ambako mkazo ni mkubwa, wala juu ya vinundu.

Kama kuondoa kafara ni kwa majimaji, uliza wanakaushaje. Maji yakikauka yenyewe chini ya ulimi, tone la mwisho linauvuta hadi unanata kwenye wefa, na hautoki tena. Kiwanda kizuri kina mashine ya kukausha kwa kabonidioksidi iliyopitishwa juu ya nyuzi 31 za Selsiasi na shinikizo la baa 74, ambapo majimaji na gesi havina mpaka, hivyo hakuna uso wa kuvuta chochote. Au wanatumia mvuke wa asidi badala ya asidi ya maji. Ukijibiwa "tunakausha kwenye oveni", rudi kwangu kabla ya kutuma faili.

Kuhusu faili lenyewe, mengi ni ya kawaida. Ni GDSII, ule muundo wa kawaida wa faili za michoro ya chipu, kila tabaka na namba yake, pembe zote zimekaa kwenye gridi moja, tuseme nanomita 50, na hakuna poligoni inayojikata yenyewe. Pitisha kanuni za usanifu za kiwanda, hasa zile za tabaka kulifunika tabaka. Kama mashine yao ya kulinganisha maski inakosea mikromita 1 hadi 2, kinundu kilicho mikromita 1 kutoka ukingo wa waya wa mguso kitaangukia nje ya waya kwenye nusu ya wefa. Kipe nafasi ya 4. Ukishatoa faili, lifungue kwa programu nyingine tofauti na uliyochorea, KLayout ni bure na inatosha, uone kama kilichotoka ndicho ulichochora. Duara hasa, hizo hugeuzwa poligoni kimyakimya, na kuna programu zinazozigeuza kuwa pembe nane.

Ila kuna kosa moja ambalo hakuna programu ya ukaguzi itakayolikamata, na nalijua kwa sababu nimelifanya. Wefa zangu za kwanza kabisa zilikuwa 12. Kwenye tabaka la vinundu nilichora viboksi vidogo, mahali ambapo nilitaka tabaka la kafara lichimbwe. Kwenye fomu ya maski kulikuwa na kisanduku cha kuchagua: nilichochora kiwe kioo kitupu au kiwe kromi? Nikaweka alama haraka haraka, kwa kuwa matabaka mengine yote yalikuwa ya kromi. Maski ikatoka na mabaka madogo ya kromi kwenye kioo kitupu. Wefa nzima ikachimbwa mikromita 0.7 isipokuwa pale nilipotaka vinundu. Ndimi za wefa zote 12 zikawa na tumbo lililoshuka na vishimo penye mguso. Zilifunga vizuri ajabu, tumbo likagusa elektrodi, zikaungua. Fundi wa kiwanda alikuwa ameona kitu si cha kawaida lakini fomu ilikuwa na sahihi yangu.

Kwa hiyo usiandike kwenye fomu "kromi" au "kioo" peke yake. Andika sentensi kwa kila tabaka: "Penye poligoni, tabaka la kafara linaondolewa." "Penye poligoni, dhahabu inabaki." Kisha mwache mhandisi wa kiwanda, anayejua fotoresisti yake ni chanya au hasi, ageuze inavyotakiwa. Sentensi haina upande wa pili wa kukosea.

Nafasi uliyopewa usiijaze na swichi moja iliyorudiwa mara 40. Weka urefu tofauti: 120, 135, 150, 170. Kwa unene wa 5, ulimi wa 120 unanasa karibu na volti 69 na wa 170 karibu na 41, kwa hiyo hata mchakato ukitoka mnene au mwembamba, mojawapo itaangukia pale unapotaka. Kila moja iwe na nakala tatu, zisikae sehemu moja. Badilisha pia idadi ya vinundu, kimoja, viwili, vinne. Wengi hudhani vinundu vingi ni bora. Lakini nguvu ileile ya mikronewtoni 165 ikigawanywa kwa vinne, kila mguso unapata 41, na huenda hakuna hata mmoja unaopenya utando wa uchafu juu ya dhahabu. Mimi napenda viwili. Weka swichi moja isiyo na mwanya, iliyofungwa kwa makusudi, ili ujue ukinzani wa waya peke yake na uutoe kwenye vipimo vyako. Weka na nyingine isiyo na ulimi kabisa. Bila hizo mbili utabishana na msimamizi wako mwaka mzima.

Hakikisha pia wefa inakatwa vipande kabla ya kuondoa kafara. Msumeno wa kukatia hunyunyiza maji na vumbi la silikoni, na ulimi unaoelea hauponi hapo. Kwa kuwa wefa ni ya kuchangia, wenzako wanaweza kutaka mpangilio tofauti. Hilo lisemwe sasa. Kifuniko cha kudumu kiache kwa awamu ijayo, ila fahamu kwamba joto la kubandika kifuniko, nyuzi 280 kwa mchanganyiko wa dhahabu na bati, na zaidi ya 400 kwa kioo cha kuyeyusha, litabadilisha mkunjo wa ulimi wako. Awamu hii pimia ndani ya naitrojeni kavu. Panda volti moja moja, na kizuizi cha megaohmu 1 kwenye njia ya elektrodi ili cheche ikitokea isile metali. Kwenye mguso zima mawimbi kwanza ndipo ufunge au ufungue, angalau kwa vipimo vya mwanzo. Dhahabu huanza kulainika volti 0.08 tu zikikaa kwenye mguso, hivyo swichi inayofunguka ikiwa na mzigo huzeeka mbele ya macho yako.

Jambo la mwisho linakuja baada ya kutuma. Mtengeneza maski atakurudishia picha ya kila tabaka uidhinishe, kwa kawaida Ijumaa jioni, na ujumbe wa kukuharakisha. Kabla ya hapo, weka kwenye kona ya kila tabaka herufi F yenye urefu wa mikromita 200 na namba ya tabaka pembeni yake. F haina upande unaofanana na mwingine. Ikigeuzwa kama kwenye kioo, au ikipinduliwa, utaiona bila kuhesabu chochote. Wengine huonyesha maski kutoka upande wa kromi na wengine kutoka upande wa kioo, kwa hiyo F iliyogeuka kwenye matabaka yote huenda ni sawa tu. Iliyogeuka kwenye tabaka moja peke yake, pigia simu kiwanda papo hapo, usijibu ile barua pepe.